Uliza Jumba Linamfanya Nini Mtu Aliyemo

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkusanyiko wa wasomaji wa riwaya na watazamaji wa filamu. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mstari wa mbele, wapenzi wa vitabu na wapenzi wa filamu, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie maana zilizofichika katika mandhari ya hadithi za kubuni. Yaani yale majumba, miji, mabwawa na nchi zisizokuwemo kwenye ramani yoyote, lakini tunazijua kuliko mitaa mingi ya kweli. Nilikubali upesi, kwa sababu jambo hili nalipenda, na kwa sababu linaniudhi pia. Nalipenda kwa kuwa msomaji anayechimba ni msomaji aliye hai. Linaniudhi kwa kuwa uchimbaji wenyewe mara nyingi umegeuka ramli: mtu anaona mlango mwekundu, anasema ni damu, anaona namba ukutani, anaijumlisha, anaizidisha, anaigawanya, mpaka impe tarehe anayoitaka. Kisha anasimama mbele yetu na kutangaza kwamba amegundua siri.

Je, kagundua? Tutajuaje? Hilo ndilo swali langu leo. Tutajuaje kwamba maana tuliyoiona mahali fulani imo humo kweli, na hatukuingia nayo wenyewe mfukoni?

Mwaka 1963 kijana mmoja wa Marekani mwenye umri wa miaka 16, Bruce McAllister, alichoka kubishana na mwalimu wake juu ya ishara zinazosemekana kufichwa vitabuni. Akaamua kuwauliza wenye vitabu vyao. Aliandaa dodoso, akalituma kwa waandishi 150, na 75 kati yao wakamjibu, wakiwemo wenye majina makubwa kama Ralph Ellison, Ray Bradbury na Jack Kerouac. Je, ishara hizi mnaziweka kwa makusudi? Majibu yaligawanyika. Kuna waliokiri, kuna waliokana, na kuna waliosema kwamba ishara huota zenyewe wakati hadithi inaandikwa, na mwandishi huja kuziona baadaye kama anavyoziona msomaji.

Hao wa mwisho ndio wanaonishughulisha. Ikiwa mwandishi mwenyewe anaweza kuikuta maana ndani ya jumba alilolijenga kwa mkono wake, basi kumfuata na kumhoji hakutatumalizia kazi. Itabidi tuingie ndani ya jumba lenyewe na kulitazama.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo tunapokosea njia mapema. Tukikutana na mahali pa ajabu katika hadithi, swali letu la kwanza huwa: hapa panawakilisha nini? Bahari inawakilisha nini? Mlima unawakilisha nini? Swali hilo lina kasoro moja kubwa: jibu lolote linatosha. Bahari inaweza kuwakilisha mama, mauti, uhuru, Mungu, usahaulifu. Nani atakukatalia? Nawaomba mlibadilishe. Ulizeni: mahali hapa panamfanya nini mtu aliyemo? Panamruhusu nini? Panamnyima nini? Anaingia akiwa nani, na anatoka akiwa nani? Swali hili lina majibu sahihi na majibu ya makosa, kwa sababu ushahidi wake umo kwenye kurasa na kwenye picha. Ukikosea, mwenzako anafungua kitabu na kukuonyesha.

Tuanze na mji ambao karibu kila mmoja humu ameusikia: Mji wa Zumaridi, katika kitabu cha L. Frank Baum kuhusu mchawi wa Oz, kilichotoka mwaka 1900. Msichana Dorothy anachukuliwa na kimbunga, anaangukia nchi ya ajabu, anaambiwa afuate barabara ya matofali ya manjano hadi mji mkuu, akamwombe Oz mkuu amrudishe kwao.

Mwaka 1964 mwalimu mmoja wa historia katika shule ya sekondari nchini Marekani, Henry Littlefield, alichapisha makala katika jarida la American Quarterly akipendekeza kwamba safari hii yote ni fumbo la siasa. Miaka ya 1890 Wamarekani waligombana vikali kuhusu pesa. Wakulima waliolemewa na madeni walitaka sarafu za madini ya fedha zitumike kwa wingi pamoja na dhahabu, ili pesa iongezeke mikononi mwa watu. Matajiri wa mijini wakashikilia dhahabu peke yake. Sasa tazameni: barabara ya manjano ni dhahabu. Viatu vya Dorothy, ambavyo katika kitabu ni vya fedha, ni fedha. Wenzake wa safari nao: sanamu ya kutishia ndege ni mkulima, mkata kuni wa bati ni mfanyakazi wa kiwandani, simba mwoga ni William Jennings Bryan, mwanasiasa aliyeishambulia dhahabu katika hotuba yake maarufu ya mwaka 1896. Na Mji wa Zumaridi ni Washington.

Tamu, sivyo? Kila kitu kinaingia mahali pake. Fumbo hilo lilienea vyuoni na mashuleni, watu wakaliongezea vipande, na kwa miaka mingi lilifundishwa kana kwamba Baum aliliandika kwa kalamu yake. Lakini Baum, katika utangulizi wa kitabu, alisema amekiandika kuwafurahisha watoto tu. Littlefield naye alikuwa ameanzia darasani, akitafuta namna ya kuwafundisha wanafunzi siasa ngumu za zama zile. Mwaka 1992 aliandika gazetini kwamba hakuna msingi wowote wa kumhesabu Baum kuwa mfuasi wa harakati hizo za wakulima. Namheshimu sana kwa barua ile. Ni wachache wanaoweza kuona nadharia yao imezunguka dunia, kisha wakasimama kuirekebisha.

Lakini sikilizeni. Wakati watu wanahesabu matofali, langoni pa mji kuna jambo kubwa ambalo halikufichwa hata kidogo. Dorothy na wenzake wanapofika, mlinzi wa lango anawavisha miwani ya kijani. Kila mtu anavaa, mwenyeji na mgeni. Miwani ina mkanda wa dhahabu unaozunguka kichwa, unafungwa nyuma kwa kufuli, na ufunguo anakaa nao mlinzi. Wanaambiwa ni kwa usalama wao, wasije wakapofushwa na mng'aro wa mji. Wanaingia: marumaru ni ya kijani, vioo ni vya kijani, hata miali ya jua ni ya kijani. Ndani ya jumba la Oz Dorothy anavishwa gauni zuri la hariri la kijani. Siku wanapoondoka, mlinzi anawavua miwani, wanashika njia, na baada ya muda Dorothy anajitazama. Gauni ni jeupe. Utepe uliofungwa shingoni mwa mbwa wake, nao ni mweupe.

Baadaye mchawi mwenyewe anaumbuka na kukiri. Mji wake si wa kijani kuliko mji mwingine wowote. Watu wamevaa miwani ile kwa muda mrefu hata wengi wao wanaamini kweli wanaishi katika mji wa zumaridi.

Sasa nijibuni. Nani anahitaji orodha ya wanasiasa wa mwaka 1896 ili aone maana hapo? Mji huu unamfanya nini mtu aliyemo? Unamfunga kufuli machoni na kumwambia ni kwa faida yake, naye anashukuru. Hiyo ni maana ya kisiasa, nzito kuliko ile ya sarafu, na haikufichwa popote. Imeandikwa wazi katika kitabu cha watoto. Walioipita waliipita kwa sababu walikuwa wanatafuta siri.

Na tazameni kilichotokea mwaka 1939 kitabu kilipofanywa filamu. Viatu vya fedha vikawa vyekundu, kwa kuwa wekundu ungependeza zaidi katika filamu ya rangi. Mtetezi wa fumbo la pesa atalalamika: fedha yangu imekwenda wapi? Lakini hasara kubwa zaidi ni miwani. Katika filamu miwani haipo, mji ni wa kijani kweli. Jina ni lile lile, minara ni ile ile, lakini ni mahali pengine kabisa, kwa sababu hapawafanyii tena watu lile jambo.

Sasa twende hotelini. Filamu ya The Shining, ya mwongozaji Stanley Kubrick, ilitoka mwaka 1980, kutokana na riwaya ya Stephen King ya mwaka 1977. Baba, mama na mtoto wao wanakwenda kulinda hoteli kubwa milimani wakati wa majira ya baridi, wageni wote wameondoka, theluji imeziba njia. Baba anapandwa na wazimu, au hoteli inampanda.

Sidhani kama kuna jengo la kubuni lililopekuliwa kuliko hilo. Mwaka 2012 ilitoka filamu nzima ya hali halisi, Room 237, ambamo watu wanaeleza walichokiona ndani yake. Mmoja ameona makopo ya hamira ghalani yenye picha ya mwenyeji wa asili wa Marekani, akasema filamu inazungumzia maangamizi ya watu wale. Mwingine ameona mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Mwingine amesema Kubrick anaungama kwamba alitengeneza picha za uongo za safari ya mwezini: mtoto amevaa sweta lenye roketi ya Apollo 11, na chumba cha hatari ni namba 237, kwa sababu eti mwezi uko umbali wa maili 237,000.

Niwasimulie habari ya namba hiyo. Katika riwaya ya King chumba ni namba 217. Picha za nje za hoteli zilipigwa katika hoteli ya kweli, Timberline Lodge, katika jimbo la Oregon. Wenye hoteli hiyo waliomba namba ibadilishwe, kwa hofu kwamba wageni wao wangekataa kulala chumba 217. Chumba 237 hawakuwa nacho, basi ikawa 237. Ombi la wafanyabiashara waliohofia vitanda vyao kulala vitupu. Na hata mwezi wenyewe, kwa wastani, uko mbali zaidi ya hapo: karibu maili 238,900, yaani kilomita 384,400. Hesabu haikubali hata kwa upole.

Je, tuseme basi kwamba hoteli ile haina maana yoyote? Hapana, hapana, hapana! Hilo ni kosa la upande wa pili, na kwangu ni baya zaidi. Kuna watu ambao wakisikia nadharia moja ya kipuuzi huzifungia zote mlango na kusema, "Ni hadithi tu." Hakuna kitu kinachoitwa hadithi tu.

Wekeni kwenye mizani ile nadharia ya makopo na ile ya mwezi. Mwanzoni kabisa mwa filamu, meneja wa hoteli anawatembeza wageni wake na kuwaambia kwamba ujenzi ulianza mwaka 1907 na kumalizika 1909, kwamba mahali hapo husemekana palikuwa makaburi ya wenyeji wa asili, na kwamba wajenzi walilazimika kuyarudisha nyuma mashambulizi ya wenyeji hao. Meneja anayasema kwa mdomo wake, akitabasamu, akiendelea kutembea. Halafu hoteli inafanya nini? Inamchukua baba na kumpa kazi iliyokwisha kufanywa na mtu kabla yake: kuua familia yake. Mzimu wa mlinzi wa zamani unamwambia baba huyu kwamba yeye ndiye amekuwa mlinzi wa hapa siku zote. Na picha ya mwisho ya filamu ni picha ya ukutani, watu wa sherehe ya tarehe 4 Julai 1921, siku ya taifa lao, na katikati yao amesimama baba yule yule.

Mnaona jambo hilo? Jumba lililosimama juu ya mauaji, linalowafanya wanaoingia wayarudie mauaji, kisha linawatundika ukutani wakiwa na tabasamu. Anayesema filamu inagusa historia ya umwagaji damu iliyofunikwa zulia zuri ana cha kushika: ana maneno ya meneja, ana mlinzi wa kwanza, ana picha ya ukutani. Kopo la hamira si msingi wa hoja yake, ni nyongeza. Lakini anayesema ni safari ya mwezini ana nini? Ana sweta, na namba iliyobadilishwa na wenye hoteli. Mimi hupima hivi: iondoe maana hiyo, kisha utazame kama kuna kitu kinaanguka. Ondoa mwezi, filamu inasimama vile vile. Ondoa marudio ya mauaji, hakuna filamu.

Kipimo kingine, ambacho nakipenda zaidi, ni kulinganisha. Katika riwaya, bustani ya hoteli ina vichaka vilivyokatwa kwa umbo la wanyama. Kubrick akaviondoa, akaweka bustani ya vichochoro vya kupotezana, yenye kuta ndefu za majani. Katika riwaya hoteli inateketea kwa moto baada ya boila kulipuka. Katika filamu hoteli inabaki imesimama, na baba anaganda kwa baridi ndani ya vichochoro. Mabadiliko makubwa namna hiyo hayaji bila sababu. Kwa nini vichochoro?

Tazameni mtoto anavyookoka. Usiku, theluji imetanda, baba anamfuata kwa kusoma nyayo zake. Mtoto anasimama. Anaanza kurudi kinyumenyume, mguu mmoja mmoja, akikanyaga ndani ya nyayo zake mwenyewe, kisha anaruka pembeni na kuzifuta alama za pale alipojificha. Baba anafika mwisho wa nyayo, na nyayo zimekwisha. Mtoto anatoka kwa kufuata nyayo kurudi alikotoka. Katika jumba ambalo kila mtu anarudia bila kujua kwamba anarudia, anapona yule anayejua kurudi nyuma kwa macho wazi. Hilo sikulitoa kwenye namba ya mlango. Nimelitoa kwenye miguu ya mtoto.

Nadhani mmoja wenu atauliza: na dirisha? Naam, ofisi ya meneja ina dirisha lenye mwanga wa mchana, wakati ofisi hiyo, ukifuata njia waliyopita wahusika, imezungukwa na korido pande zote. Dirisha haliwezi kuwepo pale. Linatufanya tuhisi kupotea kabla hatujajua kwamba tumepotea, na kwangu hilo linatosha. Sijengi juu yake.

Kuna aina nyingine ya maana, na hii inahitaji upole zaidi. Ni maana iliyoingia mahali kwa sababu mwandishi alipita mahali pengine, maishani mwake, akapabeba.

J. R. R. Tolkien alipigana vita ya Somme, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1916. Miongo minne baadaye, mwaka 1954 na 1955, ilitoka The Lord of the Rings, hadithi yake ndefu kuhusu pete yenye nguvu za maangamizi. Wasomaji wakaruka: pete ni bomu la atomiki! Nchi ya giza ni Ujerumani! Tolkien alikasirika. Katika utangulizi wa toleo la pili alisema wazi kwamba hadithi za mafumbo hazipendi. Alitofautisha mambo mawili: mwandishi kumlazimisha msomaji maana moja, na msomaji kuwa huru kuihusisha hadithi na maisha yake. La pili alilikubali.

Basi watu wakasema: mmesikia, kakataa, hakuna vita humo. Subirini. Katika barua ya mwaka 1960 aliandika kwamba haoni kama vita yoyote kati ya zile vita kuu mbili za dunia iliathiri mkasa wa hadithi wala namna ulivyofunuka. Pengine, akasema, katika mandhari. Na akataja mahali mahsusi: yale mabwawa ya wafu yanadaiwa jambo fulani na kaskazini mwa Ufaransa baada ya vita ya Somme.

Pengine katika mandhari! Ndugu zangu, mwandishi anakana kila kitu, kisha anaacha mlango mmoja wazi, na mlango huo ni mahali.

Nendeni mkayasome mabwawa hayo. Wasafiri wanavuka tope usiku, mianga midogo inawaka kandokando yao. Mmoja anajikwaa, anaanguka, uso wake unakaribia maji, na chini ya maji anaona nyuso. Nyuso za waliokufa vitani zamani sana, wema na waovu, wote wamelala pamoja. Kiongozi wao wa njia anawaambia kwamba huwezi kuwafikia, aliwahi kujaribu. Wanaonekana, hawashikiki. Usiulize bwawa linawakilisha vita gani. Uliza linawafanya nini wanaovuka: linawalazimisha watazame chini huku likiwakataza kugusa, na anayetazama sana huenda akabaki. Mtu aliyetembea katika uwanja wa Somme akiwa kijana, marafiki zake wakazikwa kwenye udongo ule, anajua kutembea huko. Hakutuwekea fumbo tulifumbue, alitupitisha mule alimopitishwa yeye.

Sasa nisije nikawafanya mdhani kwamba hakuna anayeficha. Wapo, na wana sababu. Kuna zama ambazo kusema wazi ni kujitia kitanzini, na ndipo nchi za kubuni zinapozaliwa kwa wingi.

Yevgeny Zamyatin, mwandishi wa Urusi, aliandika riwaya yake ya mji wa kioo kati ya 1920 na 1921, miaka michache tu baada ya mapinduzi ya Urusi. Ilitoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924, na nchini mwake haikuchapishwa hadi 1988. Watu wa mji huo wana namba badala ya majina. Nyumba zao ni za kioo, kuta hadi sakafu, na pazia hushushwa kwa kibali na kwa muda maalumu. Msimulizi anaanza kwa kuusifu uwazi huo, anaona fahari. Halafu anapenda, anapata jambo lake la moyoni, na kuta zile zile alizozisifu zinamtia hofu. Kioo hakikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni yeye, na sisi tunaijua nguvu ya kioo kwa kumtazama yeye.

Na kwetu, katika lugha yetu, yupo Shaaban Robert na Kusadikika, ya mwaka 1951: nchi inayoelea angani. Wasomaji wengi wameisoma kuwa ni picha ya utawala wa kikoloni aliouishi mwandishi, na mimi nakubaliana nao. Lakini mwanafunzi akiniambia, "Kusadikika ni ukoloni," nikamuuliza, "umejuaje?", akanijibu, "tumeambiwa," sijaridhika. Turudi kwenye swali letu. Nchi hii inamfanya nini mtu aliyemo? Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria. Kujitetea kwake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotangulia, waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anapata taabu njiani, anajifunza mambo ya maana huko alikokwenda, anarudi kuwaletea watu wake, na malipo yake ni kifungo. Mmoja, wa pili, wa tatu, hadi wa sita! Marudio hayo ndiyo ushahidi. Nchi isiyo na msingi chini yake haiogopi adui wa nje. Inamwogopa raia wake aliyeona kwingine. Ukishaliona hilo ndani ya hadithi, ndipo uitazame Tanganyika ya mwaka 1951, na mwanga utapita pande zote mbili. Ukianza na Tanganyika, utaona Tanganyika tu, na Karama atakuwa amesimama kizimbani bure.

Nimebakiwa na filamu moja, na ndiyo niliyotaka kufika kwayo. Parasite, ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 2019 na Oscar ya filamu bora mwaka 2020. Familia maskini inaishi katika nyumba ambayo nusu yake iko chini ya ardhi. Familia tajiri inaishi juu, katika jumba la kioo na bustani, lililojengwa mahsusi kwa ajili ya filamu. Maskini wanaingia kazini kwa matajiri mmoja baada ya mwingine, wakijifanya hawajuani.

Mapema, rafiki wa kijana wa familia maskini anamletea zawadi: jiwe la mapambo linalosemekana kuleta utajiri. Kijana analitazama kwa mshangao na kusema kwamba lina maana ya fumbo. Anasema kwa sauti, ndani ya filamu! Na watazamaji wengi wakalikimbilia jiwe hilo, wakaliandikia kurasa na kurasa. Lakini jiwe linafanya nini? Kijana analikumbatia, analibeba mafuriko yanapokuja wakati vitu vya maana vinaelea, na mwisho anapigwa nalo kichwani karibu afe. Mwindaji wa mafumbo amepasuliwa kichwa na fumbo lake.

Wakati huo huo kuna kitu ambacho hakuna mhusika anayekiita fumbo: ngazi. Kumbukeni usiku wa mvua. Matajiri wamerudi ghafla, maskini wamejificha chini ya meza, wamechoropoka. Wanakimbia kwenda kwao. Wanashuka. Wanashuka barabara, wanashuka ngazi ndefu, wanapita handaki, wanashuka ngazi nyingine. Mwongozaji hana haraka. Anatuacha tushuke nao mpaka tuchoke. Katikati ya ngazi kijana anasimama na kutazama miguu yake: maji ya mvua yanampita kwenye viatu, yanateremka upande ule ule anaokwenda yeye. Wanapofika, nyumba imejaa maji machafu. Choo, kilichowekwa juu ya jukwaa kwa kuwa nyumba iko chini sana, kinatapika. Binti anapanda, anakikalia kifuniko chake na kuwasha sigara.

Asubuhi yake, mama wa jumba la juu anapiga simu akiwaalika watu kwenye sherehe ya bustanini. Anaishukuru mvua. Imesafisha hewa.

Mvua ni ile ile moja. Hakuna kopo la kutafuta ghalani hapo, wala namba ya kugawanya. Unahitaji kufuata maji: yalianguka wapi, yakapita wapi, yakaishia nyumbani kwa nani. Ndiyo maana nasema mahali katika hadithi nzuri ni mhusika anayetenda, na mhusika tunampima kwa matendo yake.

Kwa hiyo nina ombi kabla ya kukutana tena mwezi ujao. Kila mmoja achague mahali pamoja, kutoka riwaya au filamu anayoijua vizuri kuliko zote. Aje na matukio mawili yanayotokea mahali hapo hapo, moja la mwanzoni na moja la mwishoni, na atuambie nini kimembadilikia mtu aliyemo. Nadharia aziache mlangoni kwanza. Tutaziita tukishaona matukio.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa naomba maswali, na ndugu yule wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipotaja chumba 237 apewe kipaza sauti wa kwanza.